Mafunzo Yanayomkinga Muuguzi wa Wodi ya Akili

Kila mara uongozi wa hospitali unapogundua kwamba wauguzi wa wodi ya magonjwa ya akili wanaomba uhamisho kwa wingi, jibu la haraka huwa ni semina. Mwezeshaji anaalikwa, ukumbi unapangwa viti, na kwa nusu siku wauguzi wanaelezwa umuhimu wa kulala vya kutosha, kunywa maji, kufanya mazoezi na kuvuta pumzi taratibu. Kesho yake wanarudi kwenye wodi ileile, kwenye mambo yaleyale yaliyowachosha, na watu wa zamu hawajaongezeka hata mmoja. Mimi ni mkufunzi wa wauguzi wa fani hii, nimeziona semina hizo zikija na kupita, na sina ugomvi nazo. Ila siamini kwamba zinazuia lolote. Ninachoamini ni kwamba elimu inaweza kumkinga muuguzi asimalizwe na kazi, kwa sharti kwamba imfundishe kazi yenyewe: namna ya kumkabili mtu mwenye ghadhabu, namna ya kuuelewa ugonjwa unaojificha ndani ya tabia mbaya, namna ya kuyazungumza yaliyomuumiza akiwa zamu. Mafunzo yanayomfundisha kuvumilia tu ni njia ya heshima ya kumwambia kwamba tatizo ni yeye.

Hali yenyewe, yaani uchovu wa kazi (kwa Kiingereza burnout), imeanza kuandikwa juu yake si zamani sana. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi katika kliniki ya bure jijini New York, alieleza alichokiona kwa wenzake na kwake mwenyewe: watu walioingia kazini kwa moyo wote, na baada ya muda wakawa wepesi wa hasira, wakakosa usingizi, wakaumwa kichwa mara kwa mara, na wakaanza kuwadharau watu walewale ambao wao walikuja kuwasaidia. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akalichambua jambo hilo kwa undani, na mwaka 1981 yeye na Susan Jackson wakachapisha dodoso la maswali 22 ambalo limekuwa kipimo kinachojulikana kuliko vyote katika uwanja huu. Linauliza habari za mambo matatu: kuchoka kihisia, kuwachukulia unaowahudumia kana kwamba ni vitu, na kujiona kwamba hakuna la maana unalolitimiza. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeieleza hali hii kuwa ni jambo la kikazi, halikuiweka miongoni mwa magonjwa, na limesema kwamba chanzo chake ni msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Mimi huyarudia maelezo hayo kila ninapoanza kufundisha, kwa kuwa yanabadili mpango mzima wa somo. Ikiwa chanzo kiko kazini, basi mafunzo yanayomlenga mfanyakazi peke yake yanapaka dawa mahali pasipouma.

Kwa nini wodi ya akili izungumzwe peke yake, wakati wauguzi wote wanachoka? Muuguzi wa wodi ya upasuaji ana kidonda cha kukitazama. Anakisafisha Jumatatu, na Ijumaa anaona nyama mpya. Muuguzi wa afya ya akili anaweza kukaa na mtu wiki tatu, akamsaidia kuoga, kula na kuzungumza, akamwona anaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akampokea tena baada ya miezi miwili akiwa katika hali ileile ya mwanzo. Muuguzi wa Marekani Hildegard Peplau aliandika mwaka 1952 kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ndio uuguzi wenyewe, wala si pambo la uuguzi, na tangu hapo fani yetu imesimama juu ya wazo hilo. Kwa hiyo chombo cha kazi ni muuguzi mwenyewe: sauti yake, subira yake, namna anavyokaa na anavyotazama. Chombo hicho hakipelekwi kuchemshwa kikarudi safi kwa ajili ya mgonjwa anayefuata. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alionyesha mwaka 1983 kwamba kuzitawala hisia zako kwa sababu umelipwa kufanya hivyo ni kazi kamili, na kwamba kuonyesha usoni utulivu ambao moyoni haupo kuna gharama yake. Wodi zetu zinaendeshwa kwa gharama hiyo, na hakuna hesabu ya hospitali inayoiandika.

Halafu kuna la kulazimisha. Sheria na taratibu zinaruhusu, katika mazingira fulani, mgonjwa apewe dawa asiyoitaka, au azuiwe kwa nguvu, au atengwe katika chumba cha peke yake. Anayeyatekeleza hayo ni muuguzi, mara nyingi yuleyule ambaye saa moja kabla alikuwa ameketi na mgonjwa huyo akimwuliza habari za watoto wake. Mwanafalsafa Andrew Jameton aliwaandikia wauguzi mwaka 1984 akieleza dhiki ya kimaadili, yaani maumivu ya mtu anayejua lipi ni sawa lakini mpangilio wa mahali pa kazi haumruhusu kulitenda. Nimewasikia wauguzi wakisema kwamba kupigwa na mgonjwa waliweza kukusahau, ila hawajasahau macho ya mtu waliyemshika mkono ili achomwe sindano, huku wakijua kwamba kama wangekuwa wawili zaidi kwenye zamu wangepata muda wa kumbembeleza.

Ukitaka kujua wodi imefikia wapi, kaa ukasikilize makabidhiano ya zamu. Mahali ambapo wauguzi bado wana nguvu, anayetoka atasema hivi: mama wa kitanda cha nne hakulala, alikuwa anasikia sauti zinazomkataza kula, nikakaa naye mpaka akala kidogo, kwa hiyo msimwache peke yake saa ya chakula. Mahali palipochoka, taarifa ya mgonjwa yuleyule itakuwa: wa nne ni kama kawaida yake, anatafuta kuonekana. Ukilifungua daftari utakuta sentensi moja imenakiliwa ukurasa baada ya ukurasa, kwamba hali ni nzuri na hakuna jipya, hata kwa mgonjwa ambaye mchana ule alilia kwa saa nzima. Hawa si watu wabaya. Ni watu waliojenga ukuta kwa sababu bila ukuta wasingeweza kurudi kesho. Isabel Menzies Lyth, aliyewachunguza wauguzi wa hospitali moja ya mafunzo jijini London na kuchapisha utafiti wake mwaka 1960, alieleza kwamba hospitali nzima inaweza kujipanga hivyo: kazi inakatwa vipande ili muuguzi asikae na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu, mgonjwa anatajwa kwa ugonjwa au kitanda chake, na maamuzi yanapandishwa juu ili asiwepo mmoja wa kuyabeba. Lengo la mpangilio huo, hata kama hakuna aliyeliandika popote, ni kumkinga muuguzi na hofu. Ajabu ni kwamba haumkingi. Unamnyima lile pekee ambalo lingempa nguvu, yaani kumwona mtu fulani akipata nafuu kwa sababu yake.

Ndiyo maana, nikiulizwa mafunzo yaanzie wapi, sianzii kwenye kupumua taratibu. Naanzia kwenye hofu, na hofu kubwa ya wodi ya akili ni vurugu. Muuguzi anayeogopa hukaa ofisini, hutoa amri akiwa mlangoni, na hukimbilia dawa ya kutuliza mapema. Wagonjwa nao huhisi hayo yote, na siku huishia kwenye kelele ambayo ingeweza kuzuilika. Kutuliza ghadhabu kwa maneno ni ufundi, na ufundi haufundishwi kwa mhadhara. Njia ninayoiona inafaa ni kuwatoa watu wawili mbele ya wenzao, mmoja awe mgonjwa aliyenyimwa ruhusa ya kwenda nyumbani, mwingine awe muuguzi, kisha tuanze kurekebisha vitu vidogo. Asimkabili uso kwa uso kama wanaotaka kupigana, bali asimame kwa ubavu kidogo. Awe mbali kuliko urefu wa mkono. Mikono ionekane, isiwe mfukoni wala isikunjwe kifuani. Asimzibie mwenzake njia ya kutoka, na yeye mwenyewe asijizibie. Anayezungumza awe mmoja tu. Wengine warudi nyuma lakini wasiondoke. Sauti ishuke kadiri ya mgonjwa inavyopanda, sentensi ziwe fupi, na swali la kwanza liwe juu ya kilichotokea, kabla ya amri yoyote ya kutulia, kwa kuwa sijapata kumwona mtu aliyetulia kwa sababu ameamriwa. Ampe mgonjwa chaguo la kweli, hata kama ni dogo, kama vile kuzungumza hapa au kwenye kile chumba tulivu, na asimwahidi jambo ambalo zamu inayofuata haitaweza kulitimiza.

Baadaye wabadilishane nafasi. Hapo ndipo somo linapoingia, kwa sababu muuguzi aliyewekwa kwenye kiti cha mgonjwa, akazungukwa na watu watano waliosimama, hugundua kwa mwili wake mwenyewe kwa nini mgonjwa hupiga kelele. Niongeze hapa kwamba mara nyingi mtaalamu wa kweli wa jambo hili katika wodi ni mhudumu wa miaka mingi asiye na cheti kikubwa, ambaye wagonjwa humsikiliza na hakuna aliyewahi kumwuliza anafanyaje. Mkufunzi mwenye akili humwita aje kufundisha.

Kuna ushahidi kwamba mambo madogo ya aina hii yana uzito. Huko Uingereza, Len Bowers na wenzake walitengeneza mpango uitwao Safewards, wenye hatua 10 ambazo wodi inaweza kuzichukua bila mitambo wala majengo mapya. Miongoni mwake ni kusema jambo jema juu ya kila mgonjwa wakati wa makabidhiano, kuzijua mapema habari mbaya zinazomsubiri mgonjwa na kupanga namna ya kumpa, kuwapa wagonjwa na wauguzi nafasi ya kufahamiana kidogo kama binadamu, na kuwapitia wagonjwa wengine baada ya vurugu ili kuwatoa hofu. Jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wodi 31 katika hospitali 15, lilionyesha kwamba migogoro ilipungua kwa asilimia 15, na hatua za kuwadhibiti wagonjwa zilipungua kwa asilimia 26.4, zikilinganishwa na wodi ambazo hazikupewa mpango huo. Lengo kuu la jaribio lilikuwa migogoro, halikuwa uchovu wa wauguzi. Lakini ukiyarudia yale mambo matatu ya Maslach utaona uhusiano: migogoro ikipungua, hofu inayomaliza hisia inapungua, mgonjwa akitajwa kwa jema lake, inakuwa vigumu kumgeuza kitu, na muuguzi aliyezima ugomvi kwa maneno amelala akijua kwamba kuna alilolitimiza.

Elimu ya ugonjwa wenyewe inaonekana kuwa jambo la chuoni, lililokwisha kwenye mtihani, nami nadhani hapo tunapoteza sana. Chukua mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ambaye hanyanyuki kitandani, hajibu salamu, uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni, na kila siku lazima asukumwe kwenda kuoga. Muuguzi ambaye hajafundishwa vizuri anaona uvivu na dharau, na dharau inachosha kuliko kazi. Aliyefundishwa anajua kwamba kupotea kwa utashi na kufifia kwa hisia usoni ni dalili za ugonjwa sawa na kusikia sauti, na kwamba dalili hizi ndizo zinazopona kwa shida zaidi kwa dawa tulizonazo. Kazi haijabadilika, bado atamsukuma kwenda kuoga. Kilichobadilika ni kwamba hatukanwi tena na mtu asiyemtukana. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa anayejikata mkono mara kwa mara, ambaye katika zamu ya asubuhi humsifu muuguzi mmoja kuwa malaika na jioni humlaani, akiwagawa wahudumu makundi mawili yanayogombana juu yake. Bila elimu, wodi nzima hujiona inachezewa. Kwa elimu, wauguzi wanaweza kukaa pamoja, wakalitaja linaloendelea kati yao, na wakakubaliana juu ya jibu moja watakalolitoa wote.

Na si muuguzi peke yake anayenufaika. Utafiti wa George Brown na wenzake jijini London, ambao matokeo yake maarufu yalichapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliorudi kwenye familia zenye lawama na ukali mwingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena. Watafiti waliofuata wakaliuliza swali hilohilo juu ya wahudumu wanaoishi na wagonjwa siku nzima, na wakakuta kwamba lawama na ukali vinapatikana hata kwao. Hapo mduara unafungana: aliyechoka analaumu, anayelaumiwa anazidiwa, na aliyezidiwa anamchosha zaidi aliyekwisha kuchoka.

Juu ya mgonjwa anayejitoa uhai akiwa mikononi mwa wodi nitasema machache, kwa sababu jambo hili lina uzito kuliko nafasi niliyonayo, lakini siwezi kulipita. Mara nyingi kinachofuata ni uchunguzi, na uchunguzi hufanyika katika lugha ya kumtafuta mwenye kosa, hata pale ambapo wachunguzi hawakukusudia hivyo. Muuguzi aliyemwona mgonjwa mara ya mwisho huandika maelezo, huyaandika tena, kisha hurudishwa kazini kwenye korido ileile. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zilidhani kwamba dawa ni kuwakusanya wote mara moja na kuwataka wasimulie kila kitu kwa undani katika kikao kimoja cha lazima. Mapitio ya tafiti yamekuwa yakionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii madhara ya kiwewe, na kwa baadhi ya watu kinaweza kuyaongeza. Kinachoshauriwa sasa ni kitu kilicho kinyenyekevu zaidi, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiandikia mwongozo mwaka 2011 kwa jina la huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kuhakikisha mtu yuko salama, kusikiliza bila kumchimba, kumsaidia mahitaji ya saa ile, kumuunganisha na watu wake, na kumfuatilia. Wauguzi wakuu wa wodi wanaweza kufundishwa hayo kwa siku moja au mbili. Sioni sababu ya kusubiri msiba ndipo wafundishwe.

Sasa nifike kwenye mafunzo ambayo hayaonekani kama mafunzo, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko yote: kikao cha usimamizi wa kitaaluma kinachofanyika mara kwa mara. Wengi wakisikia usimamizi hufikiria ukaguzi. Brigid Proctor wa Uingereza aliuelezea miaka ya 1980 kuwa na kazi tatu, yaani kulinda viwango vya huduma, kukuza ujuzi wa mtu, na kumrudishia nguvu. Hospitali nyingi hufanya ile ya kwanza tu na kuiita usimamizi. Daktari Michael Balint alikuwa ameanza mapema zaidi, katika miaka ya 1950 jijini London, kuwakusanya madaktari wa kawaida katika vikundi vidogo ili wazungumze juu ya wagonjwa waliowasumbua mioyo, na vikundi vya namna hiyo vimeenea hadi kwa wauguzi.

Kikao chenyewe, kikiendeshwa vizuri, ni cha kawaida kabisa. Watu sita hadi wanane, saa moja, mlango umefungwa, simu ya wodi iko kwa mtu mwingine. Mmoja analeta kisa kimoja, kwa mfano mgonjwa ambaye kila akimwona anatamani kubadili zamu. Anaeleza mpaka anamaliza, bila kukatizwa na mtu mwenye jibu. Kisha wenzake wanauliza: mlianza lini kuelewana vibaya, anakukumbusha nani, yeye anaogopa nini, wewe unaogopa nini. Ushauri unakuja mwisho kama kuna muda, na mara nyingi hauhitajiki, maana aliyeleta kisa amekwisha kuliona mwenyewe lile ambalo lilikuwa limefichika. Sharti moja nisilolilegeza ni kwamba kiongozi wa kikao asiwe yule anayetia sahihi tathmini ya mwaka ya waliohudhuria. Hakuna atakayesema kwamba anamchukia mgonjwa mbele ya mtu anayeshika kalamu ya kupandishwa kwake cheo. Sharti la pili, ambalo wakuu hulikubali kwa mdomo na kulivunja kwa vitendo, ni kwamba kikao kiwe ndani ya saa za kazi. Ukimwambia muuguzi aliyetoka zamu ya usiku abaki kwa ajili ya kikao cha kumrudishia nguvu, umezichukua zile chache zilizobaki.

Wanafunzi na wauguzi wapya wana mahitaji yao. Wanafika wodini wakiwa na ari na maarifa mapya, na katika miezi ya kwanza hujifunza kwa haraka ama kuongea na wagonjwa ama kuwakwepa, kutegemea yule waliyepangiwa kumfuata. Kwa hiyo uchaguzi wa mlezi wao ni uamuzi wa kielimu, usiachiwe bahati ya ratiba.

Kundi ambalo husahauliwa katika mipango yote hii ni wale wanaopanga kazi. Mwaka 1997 Maslach na Michael Leiter walitaja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake hukosa kuoana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, mahusiano kazini, haki, na maadili. Ukiyasoma maeneo hayo kwa makini utaona kwamba karibu yote yako mikononi mwa mkuu wa wodi na wakubwa wake, na machache sana yako mikononi mwa muuguzi aliye zamu. Basi wao nao wakae darasani. Wafundishwe, kwa mfano, kwamba saa ya mwili wa binadamu wengi ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24, na kwa hiyo zamu zinazosogea mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni kisha usiku, hubebwa kwa urahisi kuliko zinazorudi nyuma. Ratiba ya namna hiyo haihitaji fedha, inahitaji mtu anayejua. Wafundishwe pia kueleza sababu ya uamuzi unaouma, kugawa zamu mbaya kwa haki inayoonekana na wote, na kumfuata muuguzi aliyepigwa ili kumjulia hali kabla ya kumdai fomu. Nimeona wodi mbili zenye idadi ileile ya wagonjwa na watumishi, moja watu wanaikimbia na nyingine wanaomba kubaki, na tofauti pekee niliyoweza kuionyesha kwa kidole ilikuwa mwenendo wa aliyepanga ratiba.

Nisije nikaeleweka kwamba elimu ni mbadala wa watu. Wodi yenye wauguzi wawili mahali panapohitaji watano haitaokolewa na mkufunzi yeyote, na mkufunzi anayekubali kuitwa kuziba pengo la ajira anasaidia kulificha. Vilevile, faida ya mafunzo hufifia. Tafiti zilizofuatilia programu za kupunguza uchovu wa kazi zimeonyesha mara nyingi kwamba nafuu hupungua kadiri miezi inavyopita, na kwamba marudio huisaidia idumu. Kwa hiyo napendelea dakika 20 za kila wiki juu ya tukio moja la kweli la wodi kuliko siku tatu hotelini mara moja kwa mwaka, ingawa najua hotelini kuna posho na wodini hakuna.

Anayetaka kujua kama mafunzo yake yamefanya kazi anaweza kuwapa wauguzi dodoso kabla ya kuanza na miezi sita baadaye, bila majina, na aweke kando yake takwimu ambazo hospitali inazo tayari: siku za kuugua, maombi ya uhamisho, idadi ya mara ambazo wagonjwa wamefungwa au kutengwa, majeraha ya watumishi. Majibu yasirudishwe kwa mtu mmoja mmoja kama karipio. Na kama uchovu wa kihisia haukushuka huku ule ukali kwa wagonjwa umepungua, tafsiri yangu huwa kwamba darasa limefanya sehemu yake, na sasa ni zamu ya orodha ya watumishi kutazamwa. Jambo la kwanza ninaloliomba hospitali ikinialika siku hizi si ukumbi wala projekta. Naomba nionyeshwe, kwa majina, nani atakaa na wagonjwa saa ambayo wauguzi watakuwa na mimi darasani; na pale ambapo hakuna jina, tunaahirisha mpaka lipatikane.